Reli Isiyofika Bagamoyo na Ubao wa Magurudumu

Nyuma ya nyumba ya marehemu baba yangu, hatua chache kutoka njia ya mchanga iendayo pwani, pana sakafu ya zege iliyomwagwa zamani kwa ajili ya ghala la nazi ambalo halikujengwa. Ina vipande 12, na baina ya kipande na kipande pana mwanya wa upana wa kidole ambamo nyasi huota wakati wa masika. Kwa miaka mingi tuliitumia kuanikia dagaa. Mwaka jana mtoto wa kaka yangu, aliyekuja kukaa nami baada ya mtihani wa kidato cha nne, alishuka kwenye basi la Dar es Salaam akiwa amekumbatia ubao wenye magurudumu manne kama mtu aliyepakata mtoto mchanga, na jioni ya siku hiyo hiyo, nikiwa jikoni nakuna nazi, nilisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nina miaka 12: tak-tak, kimya, tak-tak, kimya, tak-tak.

Ilikuwa sauti ya gari moshi, na Bagamoyo haina reli.

Mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, makao hayo yalipohamishiwa Dar es Salaam. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ilianzia huko huko Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka 1914, na ndugu zetu wa Tanga walikuwa wameanza kujengewa yao tangu 1893. Sisi tuliokuwa mwisho wa njia ya misafara, tuliozoea kuona wapagazi wakiingia na pembe kutoka bara, tulibaki na majumba ya mawe, majahazi na minazi. Jambo hili wazee wetu walilizungumza kwa namna ambayo watu wengine huzungumzia posa iliyovunjika.

Mwaka 1985, wakati nchi nzima ikipanga foleni ya sukari na sabuni, vijana wa mtaani kwetu pamoja na wanafunzi wachache wa Chuo cha Sanaa, kilichokuwa na miaka minne tu tangu kianzishwe, walitunga tamthilia ya nyimbo kuhusu reli hiyo isiyofika. Wazee wa mji wanapata habari kwamba gari linakuja. Wanashona kanzu mpya, wanamteua mkuu wa stesheni ambaye hana stesheni, wanagombana juu ya nani atakaa daraja la kwanza, na mwishoni kabisa, wote wakiwa wamesimama wakitazama mwituni, mlio unasikika. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuza kashata kwenye stesheni hiyo, nikiwa na mstari mmoja wa kusema na nyimbo mbili za kuitikia. Gari lenyewe halikuonekana. Lilikuwa ni miguu ya vijana wanane nyuma ya pazia la magunia wakikanyaga mbao kwa zamu, wa mbele kisha wa nyuma, tak-tak. Tuliuonyesha mchezo ule usiku mara mbili, na mara ya pili mvua ilitukatiza kabla gari halijafika, jambo ambalo baadhi ya watazamaji waliona ndio mwisho uliostahili.

Mswada wake, uliopigwa taipu, ulikabidhiwa kwa ofisi moja iliyoahidi kuutunza. Nilipokwenda kuuulizia miaka mingi baadaye, nilionyeshwa kabati ambalo mchwa walikuwa wamelimaliza kwa ndani na kuliacha limesimama kwa ukaidi wa rangi yake tu. Kilichosalia ni kaseti moja, upande wa kwanza pekee, yenye nyimbo nne na kikohozi cha mtu, pamoja na kumbukumbu za mama mmoja wa Dunda, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa na ambaye ndiye aliyeongoza kiitikio.

Tangu hapo nimekuwa na shauku, mwanangu mkubwa huiita ugonjwa, ya kujua jinsi watu wa mahali pengine wanavyozirudisha jukwaani tamthilia za nyimbo zilizosahauliwa. Tamthilia ya maneno matupu huweza kuchapwa kitabuni ikamsubiri msomaji wake hata miaka 100. Ya nyimbo haisubiri hivyo. Inahitaji sauti, mpangilio wa ala, miondoko ya miguu, na mtu anayekumbuka mwimbaji alivuta pumzi mahali gani; vikikosekana hivyo, maneno yanayobaki kwenye karatasi ni kama maganda ya korosho. Hata Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya michezo huko New York, penye fedha na maktaba, hali haikuwa tofauti sana. Mwaka 1982, katika ghala mjini Secaucus, New Jersey, yalipatikana makasha ya miswada ya muziki ya watunzi wakubwa kama George Gershwin na Jerome Kern, ambayo mingi ilidhaniwa imepotea moja kwa moja. Nililinganisha ghala lile na kabati langu la mchwa, nikanyamaza.

Katika ukumbi wa City Center, New York, kuna mfululizo wa maonyesho uitwao Encores!, ulioanza mwaka 1994, ambao kazi yake ni kuzionyesha kwa siku chache tamthilia za nyimbo ambazo hazipewi nafasi tena. Muda wa mazoezi ni mfupi, okestra hukaa pale pale jukwaani, na kwa desturi waigizaji husimama mbele ya watu wakiwa na mswada mkononi, bila aibu. Tamthilia ya Chicago ilipofunguliwa mwaka 1975 ilifunikwa na A Chorus Line, iliyozoa tuzo nyingi za msimu ule, Encores! waliirudisha Mei 1996, Novemba mwaka huo huo ikahamia Broadway, na ukiondoa kipindi cha korona haijashuka jukwaani hadi leo. Mfano huu hunifurahisha kidogo tu, kwa sababu Chicago haikuwa imekufa hasa, ilikuwa imelala.

Iliyokufa kweli ni Merrily We Roll Along. Stephen Sondheim aliitungia muziki, Harold Prince akaiongoza, wote wawili wakiwa kileleni mwa sifa zao, na mwezi Novemba 1981 ikafunguliwa na kufungwa baada ya maonyesho 16. Hadithi yake inakwenda kinyumenyume, kutoka utu uzima wenye uchungu hadi ujana wenye matumaini, na waigizaji walikuwa vijana wadogo waliotakiwa kuigiza watu wa makamo. Watazamaji walichanganyikiwa kiasi kwamba wahusika walivalishwa fulana zenye maandishi ya kuwatambulisha. Watunzi hawakuitupa. Waliirekebisha kwa miaka mingi, wakaongeza nyimbo na kuondoa nyingine, ikaonyeshwa katika kumbi ndogo hapa na pale, hadi Maria Friedman alipoiongoza upya London mwaka 2012, na uongozaji wake huo ukafika Broadway mwaka 2023 na kupata tuzo ya Tony ya tamthilia ya nyimbo iliyofufuliwa vizuri zaidi mwaka 2024. Sondheim alikuwa amefariki Novemba 2021. Kutoka onyesho la 16 hadi tuzo hiyo ni zaidi ya miaka 40 ya kuanguka na kujaribu tena mahali pale pale.

Na hapa ndipo mtoto wa kaka yangu na ubao wake waliponifundisha jambo ambalo vitabu havikunieleza.

Sikuwa nikijua lolote kuhusu skeitibodi. Niliuona kama mchezo wa watoto wa Masaki ambao barabara zao ni laini. Nilipomwuliza ule ubao uligharimu kiasi gani alinijibu, "Shangazi, hilo tuliache," nami nikaliacha. Lakini kwa kuwa alifanya mazoezi mbele ya dirisha langu la jikoni, nililazimika kutazama. Siku 14 mfululizo alikuwa akijaribu kitu kimoja kiitwacho oli: mguu wa nyuma unaugonga mkia wa ubao chini, ubao unainuka pua juu, na mguu wa mbele unaburuzwa juu ya msasa uliogundishwa kwenye ubao ili kuusawazisha hewani, bila mkono kugusa chochote. Alan Gelfand wa Florida aliibuni mbinu hiyo miaka ya 1970 ndani ya mabwawa ya zege yenye kuta za mviringo, kisha Rodney Mullen akaihamishia kwenye ardhi tambarare mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtoto wetu aliihamishia kwenye sakafu ya dagaa. Alichubuka viwiko, akachubuka nyonga, akaja mezani akinuka dettol, na kesho yake alasiri akarudi kwenye kipande kile kile cha zege, kama mtu anayedai deni.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hakuona haya. Katika jumba la michezo, mwigizaji akisahau mstari mbele ya watu hulala usiku ule akitazama dari. Hawa wanaanguka hadharani, na kuanguka kwao ni sehemu ya mchezo wenyewe. Skeitibodi ilipoingizwa kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Mjapani wa miaka 15, Misugu Okamoto, alianguka katika jaribio lake la mwisho na kukosa medali. Washindani wake wakamwendea wakambeba mabegani. Siku chache kabla ya hapo mwenzake, Momiji Nishiya, alishinda dhahabu akiwa na miaka 13. Nilionyeshwa picha za video za siku hizo mbili kwenye simu, na nakiri ni zile za aliyeanguka nilizoomba zirudiwe.

Tabia nyingine ya watu hawa ni kuzipenda sehemu ambazo wengine wameziacha. Huko California walikwenda kwenye mabwawa ya kuogelea yaliyokauka. London, kusini mwa mto Thames, chini ya ukumbi wa Queen Elizabeth Hall uliofunguliwa mwaka 1967, pana uwazi wenye nguzo na miteremko ya zege ambao waliousanifu hawakuwa na jambo hasa la kuufanyia. Vijana wa skeitibodi waliuingia miaka ya 1970 na hawajatoka. Mwaka 2013 ulipotolewa mpango wa kuweka maduka mahali pale, walipinga, wakapata waungaji mkono wengi mno, na mwaka 2014 ikakubaliwa wabaki. Sehemu iliyokuwa imezibwa ilifunguliwa tena mwaka 2019. Kwa hiyo jioni yoyote pale London kuna watu juu wanaosikiliza okestra kwa utulivu, na miguuni pao, chini ya zege, kuna magurudumu yanayounguruma. Sijafika huko, ila katika habari zote za majumba ya sanaa nilizowahi kusoma hakuna nyingine niliyoionea wivu kama hiyo.

Afrika Mashariki haiko nyuma sana. Kampala wana uwanja wao wa Kitintale, uliojengwa kwa mikono ya vijana wenyewe. Nairobi, makao ya watoto ya Shangilia yalianzishwa mwaka 1994 na mwigizaji Anne Wanjugu, akiwafunza watoto wa mitaani maigizo na sarakasi, na baadaye humo humo pakajengwa uwanja wa skeitibodi. Mtu wa jukwaani alifungua mlango na magurudumu yakaingia. Niliposoma habari hiyo niliona ni jambo la kawaida kabisa.

Bagamoyo ina adui wake, naye ni mchanga. Kila gurudumu la skeitibodi lina beringi mbili, ndogo, zenye kipenyo cha milimita 22 na tundu la milimita 8, na baada ya siku tatu za kwetu zote nane zilikuwa zikikoroma. Tulizipeleka kwa fundi wa bodaboda wa jirani, akazilowesha kwenye kopo la Blue Band lenye petroli, akazisugua kwa mswaki wa zamani, akataka kuzipaka grisi. Kijana alikataa, kwa heshima lakini kwa msimamo, akaeleza kwamba grisi inakamata mchanga na kupunguza mwendo, akaomba mafuta ya cherehani. Fundi aliniangalia mimi. Nilimpa ruhusa kwa kichwa. Zilizunguka kama pia.

Magurudumu yenyewe ni ya yurethani, aina ya plastiki ambayo Frank Nasworthy aliiingiza kwenye skeitibodi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo wengine walikuwa bado wanatumia magurudumu ya udongo wa kuchoma yaliyogota kwenye kila kijiwe. Ugumu wake hupimwa kwa namba: laini, za kusafiria, huwa karibu na 78, na ngumu, za mitindo ya mtaani, hufika 99 na kuzidi. Ya kwake yalikuwa magumu. Rafiki zake wa Dar es Salaam walimshauri kwa simu anunue laini kwa sababu zege letu ni bovu, nami nikamwomba asinunue, kwa sababu laini hazitoi sauti. Gurudumu gumu likivuka mwanya hugonga. Ya mbele, tak, ya nyuma, tak. Kisha ukimya wa urefu wa kipande kizima. Ndivyo behewa linavyofanya kwenye maungio ya reli, na ndivyo vijana wanane walivyokuwa wakifanya nyuma ya magunia mwaka 1985.

Wazo la kuigiza treni kwa magurudumu si jipya, na ni haki kulisema. Starlight Express, tamthilia ya nyimbo, ilifunguliwa London mwaka 1984, mwaka mmoja kabla ya mchezo wetu, waigizaji wote wakiwa na viatu vya magurudumu wakishindana kama vichwa vya treni, na mjini Bochum, Ujerumani, inaonyeshwa tangu 1988 katika jumba lililojengwa kwa ajili yake peke yake. Hiyo haikusahauliwa na mtu. Ninayoifikiria usiku ni King Kong, tamthilia ya jazi ya Afrika Kusini kuhusu bondia Ezekiel Dlamini, iliyofunguliwa Februari 1959 katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, muziki ukiwa wa Todd Matshikiza na mwimbaji mkuu wa kike akiwa Miriam Makeba. Ilipelekwa London mwaka 1961, na baadhi ya waigizaji hawakurudi nyumbani. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umewafanya wachague. Iliporejeshwa jukwaani Cape Town mwaka 2017, katika jumba la Fugard, ilikuwa imepita karibu miaka 60, na waliokuja kuitazama walikuwa hasa wajukuu. Kuna aina ya usahaulifu unaotokana na mchezo kuwa mbaya, na kuna aina inayotokana na watu kutawanyishwa. Sipendi zichanganywe.

Tulianza mazoezi mwezi wa saba, tukiwa watu 11. Tulifanya kama Encores!, karatasi mkononi, isipokuwa karatasi zetu zilikuwa za daftari la shule, maneno yakiwa yameandikwa kwa kusikiliza kaseti niliyoizungusha kwa kalamu ili utepe usikatike. Vijana walitaka kubadilisha kila kitu, kuweka biti za singeli, kumfanya mkuu wa stesheni awe na simu. Nilikataa mengi, nikakubali machache. Baadaye nilijiuliza kama sikuwa nafanya kosa la kuugeuza mchezo kuwa kitu cha makumbusho, cha kutazamwa bila kuguswa, wakati Sondheim mwenyewe, aliyekuwa na haki zote, hakuona tabu kukata na kushona wake. Singeli niliikubali siku ya pili, kwenye harusi ya onyesho la kati tu.

Siku ya kumleta Bi Mkubwa ilikuwa Jumamosi. Tulimwekea kiti chini ya mwembe. Mtoto wa kaka yangu alimwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho ndicho kigari chenyewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Hebu kipitishe."

Akakipitisha, vipande vyote 12, kwa kasi ya kujionyesha. Bi Mkubwa alikuwa amefumba macho na kidole chake kikipiga goti.

"Lile lilikuwa likija polepole," alisema. "Wewe unakuja kama mwizi. Mtu anayekuja polepole ndiye anayengojewa."

Kwenda polepole juu ya skeitibodi, kumbe, ni kugumu kuliko kwenda kasi. Ubao ukipungua mwendo unayumba, na magurudumu magumu yakiingia kwenye mwanya bila nguvu ya kutosha hukwama humo. Alianguka mara ya kwanza kwenye kipande cha 5, mara ya pili kwenye cha 9, vibaya, kiganja kikachanika. Rafiki zake wawili waliokuja kutoka Dar es Salaam kumtembelea wakaanza kugonga mbao zao kwenye zege, kwa nguvu, pamoja.

"Hao wanapiga nini?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Ndiyo makofi yao, Bi Mkubwa," nilimjibu. "Wanamtia moyo."

"Makofi hupigwa wimbo ukiisha. Na wanabomoa sakafu."

Wakaacha. Kijana akafunga kiganja kwa leso yangu, akarudi mwanzo, akajisukuma mara moja tu, kidogo, akasimama wima bila kutikisa hata bega. Tak-tak. Kimya kirefu. Tak-tak. Kwenye kipande cha 7 hivi, Bi Mkubwa, ambaye kwa miezi miwili alikuwa akiniambia kwamba ubeti wa tatu wa wimbo wa stesheni umemtoka kabisa na nisimsumbue, alifungua mdomo akaimba, kwa sauti ya chini na iliyopasuka: *kata tiketi mapema, gari halingoji mtu*. Kisha akakwama. Ubao ulifika mwisho wa sakafu ukazama mchangani.

"Rudisha gari," alisema.

Tulilirudisha mara tisa jioni ile. Mistari miwili iliyobaki haikuja, na mpaka sasa tunaiimba kwa mdomo uliofumbwa, mm-mm, jambo ambalo mpiga ngoma wetu anadai ni zuri kuliko maneno na mimi sikubaliani naye. Siku ya kuonyesha haijapangwa, kwa kuwa vuli imeanza na hatutaki kurudia yale ya 1985. Beringi mpya zimeagizwa. Kila Jumamosi, kabla ya mazoezi, mtu mmoja hufagia vipande vyote 12 kwa ufagio wa chelewa na kuchokoa mchanga ndani ya mianya kwa bisibisi, maana ukijaa humo gari halisikiki. Wiki hii ni zamu yangu.